Ngome Iliyomo Ndani ya Neno

Katika shule moja ya misheni, iliyojengwa juu ya kilima, walikuwako wanafunzi wawili wa darasa la sita waliokaa dawati moja. Mmoja alikuwa hodari wa hesabu, na wa pili alikuwa hodari wa Kiingereza. Walisaidiana sana, kila mmoja akimpa mwenzake kile alichopungukiwa, hata walimu wakazoea ya kuwa akitafutwa mmoja, huulizwa mwingine.

Ikawa, wiki chache kabla ya mvua za masika, mjumbe alifika shuleni asubuhi na mapema, akaleta habari ya msiba. Baba yake yule hodari wa Kiingereza alikuwa amefariki usiku. Kijana akafunga nguo zake katika shuka, akaagana na walimu, na mwenzake akamsindikiza mpaka njia panda. Hapo akasimama, akasema, "Ndugu yangu, ukiniandikia, niandikie kwa Kiingereza, nisije nikakisahau. Sijui kama nitarudi. Mama amebaki na wadogo zangu watatu, na shamba halijaguswa kwa jembe. Wa kulima sasa ni mimi." Kisha akaenda zake, wala hakutazama nyuma.

Jioni ile mwenzake alikaa karibu na taa, akatwaa karatasi na kalamu. Kwa Kiswahili maneno yangalimjia bila taabu: angalisema pole, angalisema Mungu akufariji. Lakini kwa Kiingereza hakuwa na neno hata moja. Akafungua kamusi ya shule, akatafuta kufariji, akaona neno comfort. Alipoliona alishangaa, maana alilijua kwa sura nyingine, comfortable, nalo alilisoma katika habari za viti vyenye mito, na vitanda vizuri, na viatu visivyobana. Akajiuliza, "Je, nimwandikie mwenzangu aliyefiwa ya kwamba namtakia kiti laini?" Akaifuta sentensi yake, akaandika nyingine, akaifuta na hiyo pia.

Mwanafunzi mwingine aliyekuwa karibu akamwambia, "Mbona unajitaabisha? Mwambie be brave, yaani awe shujaa, nayo yaishe." Akaliandika neno hilo. Lakini alipolitazama, lilimwonekana kuwa ni kama amri apewayo mtu aliyejitwika mzigo mzito, ya kwamba asimame wima, na huyo anayeamuru haugusi mzigo. Akaikunja karatasi, akalala.

Siku ya pili, saa ya somo la Kiingereza ilipofika, akainuka akamweleza mwalimu shida yake mbele ya darasa zima. Wengine walicheka waliposikia habari ya kiti laini. Mwalimu hakucheka. Alikuwa mzee mwenye mvi, aliyewafundisha hata baba zao baadhi ya watoto wale. Akasema, "Msicheke, maana mwenzenu ameuliza jambo kubwa. Neno ni kama mgeni aliyebisha hodi. Usitosheke kwa kumpa kiti. Mwulize atokako, na njiani amepita wapi. Ndipo utakapojua amebeba nini."

Akaandika ubaoni neno comfort, kisha akapiga mstari chini ya herufi nne za mwisho, yaani fort. Akauliza, "Ni nani aliyepata kusikia habari za Fort Jesus?" Mikono mingi ikainuliwa, maana walikwisha kusoma habari za ngome ile ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Mwalimu akasema, "Vema. Waingereza huiita ngome fort, na jina hilo limetoka katika neno la Kilatini, fortis, maana yake yenye nguvu. Sasa tazameni ubaoni. Ngome ile ile imo ndani ya neno la kufariji. Katika Kilatini cha zamani za Kanisa palikuwa na neno confortare. Silabi ya mbele huzidisha maana, na maana yenyewe ni kumtia mtu nguvu, kumfanya awe imara. Habari ya mito na viatu haikuwamo kabisa."

Kisha akawaeleza jinsi neno lilivyosafiri. Mwaka 1066, tarehe 14 Oktoba, William, mtawala wa Normandy katika nchi ya Ufaransa, alipigana na Harold, mfalme wa Waingereza, karibu na mji wa Hastings. Habari za vita hivyo zilitariziwa kwa nyuzi za sufu katika kitambaa cha kitani, ambacho urefu wake ni kama meta 70, na upana wake ni kama nusu meta. Kitambaa hicho hujulikana kwa jina la mji wa Bayeux. Katika picha moja askari vijana wa William wameingiwa na hofu, na katika vita ile zilivuma habari ya kwamba bwana wao ameuawa. Hapo anaonekana Askofu Odo, ndugu yake William kwa mama, amepanda farasi, ameshika rungu mkononi. Juu yake yameandikwa maneno ya Kilatini, na moja katika hayo ni confortat.

Darasa likapiga kelele za kicheko. Mmoja akasema, "Mwalimu, huyo afariji watu kwa rungu?"

"Ndivyo neno linavyosema," akajibu mwalimu, "wala mshona kitambaa hakukosea. Askofu hakuwapa vijana wale mahali pa kupumzika. Aliwatia nguvu wasikimbie. Hata William mwenyewe anaonekana ameinua kofia yake ya chuma, watu wauone uso wake, wajue ya kuwa yu hai. Hayo yote ni kuwatia watu nguvu: mmoja kwa sauti na rungu, mmoja kwa kuonyesha uso wake tu."

Akaendelea kusema ya kwamba William alishinda, akawa mfalme wa Uingereza. Na kwa muda wa miaka mingi wakuu wa nchi ile walisema Kifaransa, na sheria ziliandikwa kwa Kifaransa. Hivyo maneno mengi yakavuka bahari, na neno hili likavuka pamoja nayo. Mwaka 1351, katika enzi ya Mfalme Edward wa Tatu, ilitungwa sheria juu ya uhaini. Sheria ile ilisema ya kwamba mtu awapaye adui za mfalme msaada na comfort ni mhaini. Nao Wamarekani, walipoandika katiba yao mwaka 1787, walitumia maneno hayo hayo. "Fikirini," akasema mwalimu, "ni mfalme gani angemhukumu mtu kwa kumpa adui mto wa kulalia? Neno lilikuwa na maana ya kumwongezea adui nguvu. Ndiyo sababu likawa jambo la hatari."

Tena akawakumbusha habari ya John Wycliffe na wenzake, waliotia Maandiko katika Kiingereza karibu na mwaka 1382. Walipofika mahali ambapo Mtume Paulo, naye ni mfungwa, awaambia Wafilipi ya kuwa ayaweza mambo yote katika yeye amtiaye nguvu, walitumia neno lile lile la kufariji. Wafasiri wa mwaka 1611 waliliacha mahali hapo, wakaandika neno la nguvu waziwazi, lililo la Kiingereza cha asili. Lakini maana ilikuwa moja.

Yule mwanafunzi akauliza, "Ikawaje basi, Mwalimu, neno la nguvu likawa neno la kiti?"

Mwalimu akamjibu, "Mtu aliyetiwa nguvu hutulia, na aliyetulia hupumzika. Katika karne zilizofuata watu wakashika habari ya kupumzika, na habari ya nguvu wengi wakaisahau. Ni kama mtu aliyerithi nyumba, akaipenda kwa kivuli chake, wala hakumbuki ya kuwa ilijengwa kwa mawe."

Akafuta ubao, akaandika neno la pili, courage. Akasema, "Hili nalo lilitoka kwa Wafaransa, nao walilipata katika neno la Kilatini cor, maana yake moyo. Waingereza wa zamani walilitumia kwa kila jambo lililomo moyoni, kama mawazo, tamaa, hata ghadhabu. Baadaye likabaki na maana moja, yaani ule moyo usiorudi nyuma mbele ya hofu. Ukiongeza silabi mbele, ukasema encourage, umepata neno gani la kwetu?"

Darasa zima likajibu kwa sauti moja, "Kutia moyo!"

"Ndilo hasa," akasema mwalimu, naye akafurahi. "Wala hatukuliazima kwao, wala wao hawakuliazima kwetu. Watu wa mbali na mbali wametafuta mahali unapokaa ushujaa, nao wote wamegusa kifua. Tena angalieni: moyo hutiwa. Mtu aweza kujipa moyo, ndiyo, lakini mara nyingi hutiwa na mwingine, kama maji yatiwavyo mtungini."

Neno la tatu aliloandika lilikuwa confidence. Akawaambia ya kuwa ndani yake limo neno la Kilatini fides, yaani imani. Mwenye confidence ni mtu aliye na kitu cha kukitumainia. Neno la Kiswahili tumaini limetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya kutulia, kama maji yanavyotulia baada ya kukorogwa. Mtu huogopa akiwa hana pa kuegemea. Akipata pa kuegemea hutulia, na akitulia aweza kutenda kazi.

Mwisho akaandika brave. Hili, akasema, limetoka katika neno bravo la Kiitaliano na Kihispania. Hapo kwanza lilikuwa na maana ya kitu kikali kisichofugwa, na hata leo Wahispania humwita hivyo fahali wa mwitu. Tena Waingereza wa siku za Shakespeare walilitumia hata kwa mavazi mazuri ya fahari. "Basi hilo ni neno la kumtazama mtu kwa nje," akasema mwalimu. "Si neno baya. Lakini ukimwambia mtu mwenye msiba awe brave, umemwonyesha jinsi apaswavyo kuonekana. Hujampa kitu cha kumwezesha. Ukitaka kum-comfort, sharti umletee kitu."

Yule mwanafunzi akauliza, "Nimletee nini, Mwalimu?"

Mwalimu hakujibu upesi. Akauliza naye, "Kwenu, mtu akifiwa, majirani hufanya nini siku za matanga?"

Wanafunzi wakajibu mmoja mmoja. Mmoja akasema ya kwamba huja na unga. Mwingine akasema kuni na maji. Wa tatu akasema ya kuwa hulala kwa mfiwa, nyumba isiwe kimya. Wa nne akasema ya kwamba wanaume huchimba kaburi, na wanawake hupika, mwenye msiba asishughulike na lo lote.

"Mmejibu vema," akasema mwalimu. "Hiyo ndiyo ngome, tena ndiyo faraja. Nalo neno faraja lilitoka kwa Waarabu, na katika asili yake imo maana ya kufungua, ya kupanua palipobana. Ndiyo maana wazee husema, baada ya dhiki, faraja. Mwenye msiba amebanwa. Majirani huja kupanua. Katika Injili ya Yohana mna neno la Kiyunani, Parakletos, maana yake aliyeitwa aje asimame karibu nawe. Waingereza walilifasiri Comforter, na katika Kiswahili limefasiriwa Msaidizi. Mwaona basi ya kuwa kufariji na kusaidia ni ndugu wa nyumba moja."

Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza, "Tena kumbukeni habari ya Fort Jesus. Mwaka 1696 Waarabu wa Oman waliizingira, na mwaka 1698 wakaitwaa. Kuta zilikuwa zingali zimesimama. Lakini maradhi yalikuwa yamewamaliza wengi wa watu waliokuwamo. Ngome ni kuta na watu. Matanga yakiisha, majirani wakarudi makwao, mfiwa hubaki na kuta tupu. Hapo ndipo msaada unapohitajiwa zaidi, na hapo ndipo watu wengi wanapousahau."

Kengele ikalia, wanafunzi wakatoka. Lakini yule kijana alibaki ameketi. Alihesabu siku kwa vidole, kama alivyozoea kufanya hesabu zake. Matanga yangekwisha siku ya Alhamisi. Mvua zilikuwa karibu. Shamba halijaguswa kwa jembe. Akaona ya kuwa maneno aliyokuwa akiyatafuta katika kamusi hayakuwa ya kuandikwa tu.

Akatafuta wenzake watatu, wakaenda pamoja kwa Mwalimu Mkuu kutaka ruhusa ya Jumamosi. Mwalimu Mkuu aliwauliza maswali mengi, kwa kuwa njia ilikuwa ndefu, mwendo wa saa tatu. Lakini yule mzee wa Kiingereza alisema neno kwa ajili yao, wakaruhusiwa. Usiku ule kijana akaandika barua yake. Ilikuwa na mistari minne tu, yote kwa Kiingereza. Alimweleza mwenzake ya kuwa amesikia huzuni yake, ya kuwa wanafunzi wanne watafika siku ya Jumamosi na majembe, na ya kuwa hiyo ndiyo faraja waliyo nayo. Hakuipeleka kwa mtu mwingine. Aliitia mfukoni, akaichukua mwenyewe.

Jumamosi waliondoka kabla ya jogoo wa pili. Walipofika, walimkuta mwenzao peke yake shambani, amelima matuta machache, na viganja vyake vimetoka malengelenge. Alipowaona alishangaa, hakuweza kusema. Wakamwamkia mama yake, "Shikamoo, mama. Pole kwa msiba." Naye akaitikia, akataka kuwatandikia mkeka wapumzike. Wakamwambia, "Asante, mama. Tutapumzika jua likiwa kali." Wakavua mashati yao, wakasimama katika mstari mmoja na mwenzao, wakaanza kulima.

Walipopumzika chini ya mwembe, kijana akatoa ile barua, akampa. Yule hodari wa Kiingereza akaisoma polepole, akairudia mara ya pili. Kisha akaomba kalamu ya risasi. Akasahihisha herufi moja, akasema, "Umeandika confort kwa herufi n. Ni m, ndugu yangu." Akacheka. Mama yake, aliyekuwa akisonga ugali, aligeuka kumtazama, maana hakuwa amemsikia akicheka tangu siku ya maziko.

Jua lilipopinda akaja mjomba wao, aliyekaa kijiji cha pili. Alisimama pembeni mwa shamba, akawatazama watoto wa watu wengine wakilima shamba la dada yake. Hakusema neno kwa muda mrefu. Kisha akashika jembe naye, akaingia mstarini. Jioni, wageni walipokuwa wakiaga, akamwambia dada yake mbele yao, "Shamba hili nitalitazama mimi na wanangu mpaka mavuno. Mtoto arudi shuleni."

Jumamosi iliyofuata wakaenda wanafunzi wengine sita, wakamaliza sehemu iliyobaki. Mvua zikanyesha siku chache baadaye, zikakuta mbegu zimo ardhini. Na muhula ulipoanza tena, dawati lile lilikuwa na watu wawili kama zamani.

Siku ya kwanza ya somo la Kiingereza, mwalimu alisikia habari ya barua na herufi iliyosahihishwa. Akatabasamu, akawaambia ya kuwa wote wawili walikuwa na haki: mmoja ameliandika neno kama Waingereza waliandikavyo, na mwingine, bila kujua, ameliandika karibu na lilivyotariziwa juu ya kichwa cha Askofu Odo. Kisha akamwuliza yule aliyefiwa, "Mwanangu, neno hili maana yake nini?"

Kijana akainuka, akafikiri kidogo, akajibu, "Mwalimu, ni kumtia mtu nguvu. Mimi nalilijua neno hili siku nyingi, na tahajia yake naliijua. Lakini maana yake niliijua siku ile nilipoinua uso nikaona watu wanne njiani, wamechukua majembe."

Mwalimu akamwambia aketi, wala hakuongeza neno.